Jiwe Ndani ya Sufuria

"Lile jiwe la matumbawe umelifanya nini?" fundi wa matangi ya samaki aliniuliza kwenye simu.

"Nalichemsha jikoni," nilijibu kwa maringo. "Yale matumbawe yalikuwa yanaota kila mahali, yanameza tangi langu zima. Leo nimeyakomesha!"

Fundi akapaza sauti.

"Zima jiko, kaka. Toa watu wote nje. Mvuke wake ni sumu! Dalili ya kwanza ni ladha ya chuma mdomoni."

Nilikuwa sebuleni, mbele ya tangi langu la lita elfu moja, mikono ikinuka chumvi. Kochi alilolalia mama na mafua yake tangu asubuhi lilikuwa tupu.

Nikakimbilia jikoni. Sufuria ilikuwa imeepuliwa, iko mezani. Mama alikuwa ameiinamia, taulo kubwa limemfunika kichwa pamoja na sufuria.

"Mama!"

"Ngoja nijifukize vizuri," alisema kutoka ndani ya taulo. "Nilidhani unawapenda samaki wako kuliko mimi. Kumbe umenichemshia maji bila hata kuombwa, na jiwe ukaniwekea, joto lisiishe."

Nikalinyakua taulo. Mama aliinua uso uliolowa, akatabasamu, kisha akajigusa midomo.

"Umetia dawa gani humu, mwanangu? Naona ladha ya chuma."