Bwawa Lililozidi Kukua

Kiboko alitawala bwawa, na habari aliyopenda kuisikia ilikuwa moja tu: bwawa limekua. Kila mwaka ngiri walibomoa kingo kwa amri yake, kisha Korongo akapima upana kwa hatua.

"Limekua, mzee," Korongo alisema.

Siku moja Kamongo, samaki aishiye pembeni, alimwendea Kiboko. "Shikamoo, mzee. Maji ni yale yale, tunayatandaza tu. Kule kwetu wanangu wanalala topeni."

"Vumilieni," alijibu Kiboko, aliyekaa katikati penye kina. "Likizidi kukua, nanyi mtapata."

Kiangazi kilichofuata bwawa lilikuwa pana kuliko wakati wowote, na jua likayanywa maji yake upesi. Kamongo na wanawe wakajichimbia topeni, kama walivyokwisha kuzoea. Kiboko hakuwa na pa kujificha. Maji yalimfika kwenye vifundo, na mgongo wake ukaanza kupasuka.

"Korongo, kwani bwawa halikukua?"

"Limekua, mzee. Halijawahi kuwa pana hivi."

Kiboko akaanza kurudisha udongo kwenye kingo kwa mdomo wake mwenyewe. Tangu hapo Korongo hupima kina, naye huanzia pembeni.