Mpira wa Bi. Namsifu

Katika klabu ya gofu ya mji ule, wanawake waliruhusiwa kucheza uwanjani, ila ukumbi wa kupumzikia ulikuwa wa wanaume tu. Siku ya fainali, Bi. Namsifu alipiga mpira ukapaa hadi mwewe akaupisha njia, ukapenya dirisha la ukumbi na kutulia chini ya kiti cha mumewe, Mzee Elinaza, aliyekuwa akinywa chai.

Bi. Namsifu akafika mlangoni na fimbo yake.

"Shemeji, humu huingii," mwenyekiti alisema. "Kubali tu kwamba fainali imekushinda."

"Sheria ni yenu wenyewe, shemeji. Mpira hupigwa pale ulipolala."

Mwenyekiti akamgeukia Mzee Elinaza. "Bwana, mwambie mkeo."

"Tangu nimuoe, nimemwambia nini akasikia?" Mzee Elinaza akainuka, akasogeza kiti taratibu asiuguse mpira. "Mama watoto, jihadhari na birika."

Wazee wakatazamana. Kisha mmoja baada ya mwingine wakapandisha miguu vitini, huku Bi. Namsifu akivuka kizingiti, jicho moja amelifumba, akilipima dirisha.