Nguruwe Kumi na Wawili

Pua ya Pokoina ilikuwa nyeupe pe kwa krimu ya jua, ingawa tangu azaliwe jua halijawahi kumfanya lolote. Alikuwa na miwani mikubwa, kofia ya timu ya raga ya Australia, na soksi ndefu ndani ya makubadhi. Kwenye kitabu cha nyumba ya wageni alijiandikisha Pita. Mtu akitaka kurudi kwao kisiwani Rarotonga bila kutambuliwa na watu wa kwao, hana budi kujidhalilisha kidogo.

Alikuwa na sababu. Miaka kumi na tisa nyuma, asubuhi ya harusi yake na Tepaeru, binti wa shemasi, alikwenda uwanja wa ndege badala ya kanisani. Akapanda ndege ya Auckland na shada la maua shingoni, akaacha bibi harusi, ukumbi umejaa watu, na nguruwe kumi na wawili kwenye mashimo ya mawe ya moto. Tangu siku hiyo mama yake alipata kwake kadi za Krismasi tu, tena zisizo na anwani.

Sasa Mama Ngapoko alikuwa na miaka themanini na mmoja, na Pokoina alitaka jambo moja: apite polepole mbele ya nyumba, amwone barazani kwake, kisha apande ndege ya kesho yake. Kushuka garini hakukuwamo. Alimwogopa mama, na mdomo wa mama aliuogopa zaidi.

Siku tatu zilipita na hakuna aliyemtambua. Jumapili tu, akiwa bafuni, kanisa la jirani lilianza wimbo naye akajisahau, akaitikia besi pamoja na ile miguno ya wanaume wa kisiwani, kila mguno mahali pake. Alijikamata ubeti wa tatu. Mwenye nyumba alimletea chai huku akicheka peke yake.

Jumanne akaenda kuchukua gari la kukodi. Msichana wa ofisini, ua jeupe sikioni, alimweleza kwamba watalii huzunguka wenyewe. Barabara ni moja na inakizunguka kisiwa chote, mtu hapotei hata akijitahidi. Maelezo yamo kwenye flashi ya kuchomeka kwenye redio ya gari. Kila kituo unasimama, unabonyeza, unasikiliza. Flashi za wageni zilijaa kikapuni mezani, lakini ya Pokoina msichana aliitoa mkobani mwake mwenyewe.

"Bahari iwe kushoto kwako, Bwana Pita," akasema. "Na usile njiani. Ziara hii inataka tumbo tupu."

Sauti ya kwenye flashi ilikuwa ya mwanamke mcheshi asiye na haya. Huko ufukweni Muri alisifia maji kidogo tu, akahamia kwenye nyumba ya mzee aliyeoa mara tatu na kila mara akaapa kuwa ni ya mwisho. Pokoina alicheka. Alimjua mzee huyo.

Mbele ya kanisa la chokaa akasimama, akabonyeza.

"Hapa, mgeni wetu, walichinjwa nguruwe kumi na wawili kwa harusi iliyokosa bwana harusi. Tulikula siku tatu. Waliokuwapo wanasema haijatokea karamu tamu kama ile, maana hotuba ya bwana harusi haikuwapo."

Pokoina aliganda. Jasho lilichanganyika na krimu, likamwingia machoni. Kumbe aibu yake imefanywa kivutio! Kila Mjerumani na kila Mjapani aliyewahi kukodi gari hapa alikuwa ameisikia.

Sauti haikuwa imemaliza. Bibi harusi asihurumiwe, ikasema. Aliolewa na mpiga ngoma aliyekuja kutumbuiza siku ileile, na sasa wana watoto watano na nyumba ya ghorofa. Bwana harusi yeye anapaua nyumba za watu Auckland na anakula peke yake. Kituo kinachofuata, na ndicho cha mwisho, ni nyumba ya bluu pale Titikaveka, yenye kaburi jeupe uani.

Nyumba ya bluu ilikuwa ya kwao. Hata mama wamemtia kwenye ziara. Ilimuuma, na hilo la kula peke yake lilimuuma zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli. Akatamani kugeuza gari arudi. Lakini mama alikuwa na miaka themanini na mmoja, na safari nyingine huenda isimkute. Akafuta pua, akafunga vioo vyote asionekane, akaendelea.

Barazani hapakuwa na mtu. Kiti cha mama kilikuwa kitupu.

Macho yake yakakimbilia uani, kwenye kaburi la baba, kutazama kama limepata jirani. Lilikuwa limepata. Kando yake palikuwa na tuta la udongo mbichi, limefunikwa vizuri kwa majani ya migomba.

Pokoina alivua kofia. Miaka kumi na tisa alikuwa akijiambia mwakani, mwakani. Akalia kwa sauti, vivyo hivyo na soksi zake ndefu, mbele ya nyumba ya mama yake. Alipotaka kuzima redio, kidole kikabonyeza kituo cha mwisho.

Ilisikika mikwaruzo, kisha kikohozi, kisha mtu akisema kwa mbali, hebu nipe hicho kidude.

"Pokoina," ikasema sauti ya mama yake, "hapo uani ni nguruwe wa kumi na tatu, tumemfukia kwenye mawe ya moto karibu na baba yako naye apate harufu. Hizo soksi zivue humo humo garini, uingie ndani. Na ukinipita tena, wa kumi na nne ni wewe."