Oili Baridi

Kila fundi anajua kwamba oili humwagwa injini ikiwa bado ya moto, ili itoke upesi na uchafu wake. Fundi huyu alilijua hilo kuliko wengi. Lakini gari la Mwalimu likiingia gereji, alifungua boneti, akaigusa injini kwa kiganja na kutikisa kichwa kama daktari asiyependa alichokiona.

"Tuiache ipoe kwanza, mwalimu."

Mwalimu alikuwa mama mstaafu, fizikia ndiyo aliyoifundisha maisha yake yote. Alikaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, akavua miwani na kuanza stori. Oili baridi ilichuruzika kwa uvivu, na fundi alisikiliza akiwa amelala chini ya gari, akijichekea peke yake. Tangu mkewe afariki, nyumbani kwake redio ndiyo pekee iliyokuwa ikiongea.

"Leo nakutilia yenye uzito mdogo kidogo," fundi alikuwa akisema.

"Si uzito, fundi, ni mnato."

Mwalimu alimsahihisha kila mara, na fundi kila mara alijifanya amesahau.

Shida ilikuwa watengenezaji wa magari. Hawatulii, wale watu. Zamani walitaka oili nzito kama uji, ibadilishwe kila baada ya muda mfupi, na gereji ilijaa watu na vicheko. Wakaja na nyepesi, kisha nyepesi zaidi, na ya siku hizi inakaribia kuwa maji. Kila walipoipunguza uzito, waliiongezea kilomita. Ya giaboksi ndiyo usiseme: kuna walioandika kwamba haibadilishwi mpaka gari life. Wateja wakapungua mmoja mmoja, bila ugomvi na bila kuaga.

Siku maelekezo mapya yalipolifikia gari la Mwalimu, fundi alishinda nayo moyoni tangu asubuhi. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini kumdanganya mama yule kulimshinda.

"Mwalimu, wenyewe wamebadilisha maneno. Ukitumia hii oili mpya, utakuwa unakuja mara moja tu kwa mwaka."

Mwalimu alivaa miwani yake, akaitazama oili ikidondoka.

"Wana uhakika?"

"Ndivyo walivyosema."

"Haya, fundi. Ndiyo maendeleo hayo."

Akawasha gari, akaenda zake. Fundi alibaki ameshika kitambaa, akijilaumu kwa ukweli wake.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Alifagia sakafu ambayo haikuwa na uchafu. Alipanga spana kwa ukubwa, akazivuruga, akazipanga upya. Upweke ulimkaba hasa, na hakuwa na wa kumwambia.

Kisha mtoto wa Mwalimu, kijana wa mjini mwenye haraka zake, akapita kutafuta taa ya nyuma ya gari lake. Akatoa habari mwenyewe bila kuulizwa: gari la mama wameliuza, amemnunulia jipya kabisa.

"Sasa hatasumbuka tena na gereji, fundi. Na kitabu cha hilo gari amekisoma chote, unamjua alivyo."

"Hongereni sana," alisema fundi. Siku ile alifunga mapema, akaenda nyumbani kuisikiliza redio.

Asubuhi moja alikuwa ameinama mezani akikwangua kutu aliposikia mlango wa gari ukifungwa nyuma yake. Gari lenyewe hakulisikia likiingia. Umri huu, akawaza, sasa na masikio yameanza kuaga.

Akageuka. Mwalimu alikuwa ameshakaa kitini.

"Za siku, fundi? Nimelileta, libadilishe oili."

"Mbona mapema hivyo, mwalimu? Wenyewe wanasemaje?"

"Hao tuwaachie maneno yao. Wewe fanya kazi yako, mimi sina haraka."

Fundi alivuta beseni la kumwagia oili, akajifuta mikono na kufungua boneti. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Machozi yakamlengalenga.

"Kazi hii, mwalimu, itatuchukua siku nzima," alisema, akaishusha taratibu boneti ya lile gari la umeme, lisilo na injini ya kutiwa oili.