Tamko la Nakiete

Siku hizo kila neno lililosemwa ndani ya nyumba lilikuwa hati. Kuta zililisikia na kulipeleka mahakamani. Nakiete alilijua hilo, lakini hasira zilimpanda siku mwanawe Mbonea alipouza shamba la marehemu baba yake.

"Kuanzia leo wewe si mwanangu!" alimfokea.

Miezi mitano baadaye alikwenda kwa wakili Senzota.

"Mama, tamko hufutwa ndani ya siku tisini," wakili alimweleza kwa upole. "Mbona ulikawia?"

"Nilingoja aje aniombe radhi."

"Basi imebaki njia moja. Uombe kumuasili, kama mtu anavyomuasili mtoto wa wengine, naye akubali. Ila mpaka hukumu itoke, msiitane mama na mwana. Mkiitana, shauri litatupwa."

Mbonea alikubali. Jumapili alikuja na mkungu wa ndizi, akasimama mlangoni akizitazama kuta.

"Shikamoo, Bibi Nakiete."

Nakiete alifungua kinywa, akalimeza neno lililokuwa limeshamfika ulimini. Machozi yalimlenga.

"Marahaba," alisema. "Karibu ndani, mgeni."