Katikati ya Taa za Wavuvi

"Cheka," Ninahazwe alimnong'oneza mumewe. "Watu wa likizo wanacheka."

Clovis akacheka. Askari wawili walikuwa wanapita mchangani, bunduki mabegani, naye amejinyoosha kwenye kiti cha hoteli na shati la maua la kuazima, miguu yake iliyozoea matope ya mpunga wa Lubarika imefichwa chini ya taulo. Askari mmoja alimkazia macho, akamtazama na mkewe mwenye mimba kubwa, kisha akaenda zake. Ndipo Clovis akakumbuka kupumua.

Wazo lilikuwa la Ninahazwe. Mwaka ule wa vita, mtu aliyebeba godoro kichwani alikamatwa na kuulizwa anakimbia nini, na aliyejibu kwa lafudhi ya Kirundi kama yao hakuulizwa mara ya pili. Lakini mtu aliyejilaza ufukweni mwa Uvira na chupa ya soda mkononi, huyo ana kosa gani? Amekuja kupunga upepo. Nyumba yao bondeni ilikwisha chomwa, kaka yake Ninahazwe alikwisha uawa, na mtoto wao angezaliwa salama ng'ambo ile tu, kule yalikoonekana majumba ya Bujumbura. Kilichobaki kati yao na uhai kilikuwa maji.

Mkulima lakini hawezi kushinda kwenye kiti. Siku ya tatu asubuhi Clovis alizunguka nyuma ya hoteli, upande ambao wageni hawaonyeshwi. Ukuta ulikuwa na matundu ya risasi yaliyozibwa juujuu na chokaa mpya. Wanawake walipanga madumu yao kwenye bomba lisilotoa hata tone, wakitukanana kwa sauti za uchovu. Mbele kidogo, pale Mulongwe, mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani, nyavu zimeanikwa, taa za karabai zimepangwa kibandani vioo vikiwa safi kabisa, na wavuvi wanakoroma kivulini.

Clovis alifurahi kuwaona. Kwao Lubarika, mwanamume anayelala mchana ni yule atakayekesha shambani akifukuza nguruwe mwitu. Hawa leo wana kazi kubwa, alijiambia.

Na kweli, kabla ya saa sita, Norbert alikuja mwenyewe. Alikuwa mvuvi wa Mulongwe, na siku mbili mfululizo alikuwa amekataa kuwavusha. "Miye sina mutumbwi, papa," ndivyo alivyokuwa akisema. "Basoda balikamata," akiwaonyesha kwa kidevu askari wa ufukweni. Leo alichuchumaa kando ya kiti, akichorachora mchangani kwa kidole.

"Balinirudishia leo asubui," alisema. "Jua ikizama, tunaenda. Bavuvi bote batakuwa mu maji, taa kila fasi. Basoda batajua yenu ni gani?"

Clovis alitaka kumpa baiskeli yake, mali pekee aliyotoka nayo bondeni. Norbert akatikisa kichwa.

"Acha. Utanilipa siku moja."

Machozi yalimlenga Clovis. Siku mbili nzima alikuwa amewalaani watu wa ziwa moyoni, kwamba hawana utu, na sasa aliona haya hata kumtazama mtu huyu usoni.

Mchana, kwa kuwa Ninahazwe alikuwa na hamu ya samaki, Clovis alimwomba mama Émérance, mwenye hoteli, awapikie ndakala kidogo tu, au mukeke mmoja.

"Juma hii hakuna, papa," mama Émérance alijibu. "Mwezi iko mukubwa. Murudi siku za giza, mutakula mupaka muchoke."

Akawawekea sahani ya maharagwe. Watu wa hoteli bwana! Ziwa liko mlangoni, yeye anauza maharagwe na kuusingizia mwezi. Clovis alicheka, na safari hii hakuna aliyemwambia acheke.

Jua lilipozama, Norbert aliwachukua kwa kamtumbwi kadogo kutoka kwenye matete mpaka mahali mtumbwi wake mkubwa ulipotiwa nanga, akawahamishia humo. Mwezi ulikuwa umekwisha panda juu ya milima ya Burundi, mzima, mweupe, na Clovis aliushukuru. Mwezi kama huo, kwao mtu angeweza kuvuna mpunga bila taa.

Norbert aliwasha karabai, akaifunga kwa waya juu kabisa ya mti uliosimikwa mtumbwini.

"Musiizimishe," alisema. "Taa ndjo inabaficha ninyi."

"Na weye, unaenda wapi?"

"Kuleta mwenzangu wa kupiga kasia. Peke yangu sitaweza."

Alisema hayo akiwa amewapa mgongo, kisha akarudi pwani na kamtumbwi kake, akipiga kasia kwa haraka ya mtu aliyesahau kitu.

Walikaa wakisubiri. Ninahazwe aliuchukua mkono wa mumewe, akauweka tumboni. Mtoto alirusha teke.

"Anajua tunaondoka," Ninahazwe alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Lubarika akacheka kicheko chake mwenyewe. Kisha akainua macho, akatazama huku, akatazama kule.

"Clovis. Bale bavuvi bengine bako wapi?"

Clovis aligeuka. Kule Mulongwe, mitumbwi ilikuwa bado imepinduliwa mchangani, inaonekana mmoja mmoja kwa ule mwanga wa mwezi. Maji yalikuwa meupe na matupu mpaka ng'ambo. Akakumbuka maharagwe ya mama Émérance: mwezi ukiwa mkubwa, hakuna mvuvi anayeingia majini.

Ziwa zima lilikuwa na taa moja tu, na kutoka ufukweni, pale Norbert aliposimama na askari, injini ya boti ikawashwa.