Masikio ya Kuazima

Darasani kwa kina Nasra hakuna kuachwa nyuma: kila muhula watoto huazimana viungo. Safari hii Nasra kamwazima masikio jirani yake wa dawati, aliyezaliwa kiziwi.

Baba yake alicheka mpaka akapaliwa. "Sasa huyu kumwita kula ni mpaka umrushie ndala!"

Mama yake, Bi Tausi, hakucheka. Siku ya kurudishiana ilipofika, alimvalisha binti sare mapema, akamwandikia kiganjani kwa kidole: Leo utasikia tena.

Nasra akauvuta mkono. "Sitaki, mama," akasema kwa sauti kubwa, maana hajisikii. "Siku hizi nalala. Baba akikupiga, sisikii kitu."

Bi Tausi alitazama mlangoni, kisha akaanza kumfungua vifungo vya sare, kimoja kimoja.